Chumvi Usoni mwa Mama Maria

Wamepokezana habari hii waliotutangulia katika imani, Mungu awarehemu, kwamba katika Misri ya zamani, kwenye mji mdogo uliopakana na bahari, aliishi mtawa jina lake Yulita, aliyejaliwa karama ya kuchora kuta za makanisa. Mji ule ulipigwa na ukame, na mvua ziliporudi zilikuja na homa. Watu walizika hadi wakachoka kulia. Kanisani hawakuja tena, na Kasisi Serapioni, mzee mwenye moyo laini, akazoea kuongoza ibada mbele ya vikongwe wachache na mbuzi aliyeingia kutafuta kivuli.

Ndipo kasisi alipomwomba Yulita achore ukutani safari ya Familia Takatifu ilipokimbilia Misri: Mama Maria juu ya punda, Mtoto kifuani pake, na Yosefu akiwatangulia kwa miguu.

"Binti yangu," alimwambia, "watu hawa mahubiri yangu hayawaingii tena. Labda macho yao bado yanaona."

Kazi hiyo Yulita alifunzwa na mtawa mzee aliyekwisha kulala katika Bwana. Mchanga wa pale ulitoka ufuoni na ulijaa chumvi, kwa hiyo sharti la kwanza lilikuwa kuuosha kwa maji matamu, kapu baada ya kapu, huku mtu akisali, kisha kuuonja kwa ncha ya ulimi. Ukiikuta chumvi, unarudia. Ni kazi ya kuchosha, na hakuna anayeisifu kwa kuwa hakuna anayeiona. Mchanga ukishatakata hukandwa pamoja na chokaa, hupakwa ukutani, na rangi hupakwa juu yake chokaa ikingali mbichi.

Yulita aliosha na kuonja kwa uaminifu hadi likabaki kapu la mwisho. Siku hiyo ikafika habari kwamba askofu angewasili kesho yake kwa sikukuu, na kazi iliyosalia ilikuwa shingo ya punda na uso wa Mama Maria. Yulita alitamani, wala tusimfichie, alitamani mno askofu aukute uso ule umekamilika na aulize ni mkono wa nani. Akalimwagia kapu lile maji mara moja tu. Hakuonja. Uso ukatoka mzuri kuliko wote aliowahi kuchora, na askofu akauliza kweli ni mkono wa nani. Yulita akainamisha kichwa kama walivyo wanyenyekevu.

Sikukuu ikapita, na pepo zenye unyevu zikaanza kuvuma kutoka baharini. Mjane mmoja, Petronia, alikuwa amepiga magoti akimwombea bintiye aliyeshikwa na homa. Aliinua macho, akapiga ukelele uliosikika hadi sokoni.

"Mama analia! Jamani, Mama anatulilia!"

Chini ya macho ya Mama Maria palikuwa na unyevu, na ulipokauka uliacha michirizi myeupe. Mtu mmoja akagusa, akaonja, akaanguka kifudifudi. Ilikuwa na chumvi, kama machozi yalivyo.

Kanisa likafurika. Waliokuwa wameapa kutokanyaga tena mlangoni wakaja na wagonjwa wao migongoni, na zaburi zilizosahaulika zikaimbwa. Yulita alingoja hadi wote walipotoka, akapitisha kidole ukutani, akaonja. Lilikuwa lile kapu la mwisho. Akaketi chini palepale mbele ya kazi ya mikono yake.

Alimwendea kasisi, akamweleza yote. Mzee akasema kwa upole ulioumiza kuliko kemeo, "Umewaona leo, binti yangu? Kwa mara ya kwanza tangu wazike, kuna anayewalilia. Sasa unataka niwaambie kwamba hata huyu hawalilii?"

Yulita akaitunza siri ile. Kila siku iliyopita ukimya wake ulizidi kuwa mzito. Aliomba, asisikie kitu. Alifunga, na hata mate yake mwenyewe yakamwonjesha chumvi. Aliuona uzuri aliouchora ukiwa kama mlango uliochorwa ukutani, watu wanaugonga na nyuma yake hamna chumba.

Siku moja Petronia akaja amembeba bintiye. Midomo ya mtoto ilikuwa imepasuka kwa homa. Mama yule akaufuta ukuta kwa kitambaa, kisha akakibonyeza mdomoni mwa mtoto.

"Mama, maji," mtoto akanong'ona.

"Haya ndiyo maji, mwanangu. Haya yanatosha."

Yulita hakuweza tena kuvumilia. Alisimama mbele ya mkutano wote, akasema kwamba hayo si machozi, ni chumvi ya mchanga ambao yeye, kwa kupenda sifa, hakuuosha sawasawa. Watu wakamrukia kwa maneno. Huyu ana wivu! Huyu katumwa na Shetani! Yulita akachukua taa, akaenda hadi upande wa pili wa picha, akaiinua.

"Basi mtazameni punda," akasema.

Wakatazama. Kutoka shingoni mwa punda ilishuka michirizi myeupe ileile, mingi kuliko ya Mama Maria. Mtu mmoja akacheka, halafu akakisikia kicheko chake, akajifunika uso kwa mikono.

Yulita akachota maji mtungini, akapiga magoti, akamnywesha mtoto. Mtoto akanywa, akaomba tena, akanywa tena.

Lau kisa hiki kingekuwa cha kutufurahisha, mtoto angepona. Hakupona. Homa ilikuwa imekwisha kumla, akafa, na Petronia akamzika bila kumwita kasisi. Watu wakaondoka kanisani, na safari hii hata vikongwe hawakubaki. Kasisi Serapioni hakumlaumu Yulita hata kwa neno moja. Alikuwa akiingia, anasali peke yake, anatoka, na mgongo wake ulikuwa umepinda. Chumvi nayo ikaendelea kuula ukuta: shavu likabanduka, kisha jicho, hadi Mtoto akabaki amepakatwa na mama asiye na uso.

Yulita aliamini kwamba ameliua tumaini la mji mzima, mara ya kwanza kwa uongo, mara ya pili kwa ukweli. Hakushika tena brashi. Alikaa uani mwa kanisa akiosha mchanga kwa ajili ya ukuta ambao hakuna aliyemwomba auchore. Moyo wake ulikuwa mkavu. Alisali kwa sababu mikono ilizoea kusali inapoosha, basi.

Hivyo ndivyo Petronia alivyomkuta. Alisimama mbele yake bila salamu.

"Sijaja kukusamehe," alisema.

"Najua, dada yangu."

"Kila mtu aliniambia atapona. Kasisi aliniambia, majirani waliniambia, ukuta wako uliniambia." Akalitazama kapu. "Alikuwa anataka maji tu. Na wewe ndiye uliyempa."

Yulita akaendelea kuosha. Petronia akachuchumaa kando ya kapu, akachovya kidole mchangani, akaweka ulimini. Machozi yalikuwa yakimtiririka hadi midomoni, naye akayapangusa kwa kiganja, akaonja upya ili asije akakosea.

"Bado," akasema.

Yulita akainua mtungi, akamimina.

Husemwa kwamba uso ule haukuchorwa tena maisha yao yote, ila makapu ya mchanga safi yalikutwa uani baada yao. Ndugu zangu, tunapenda kuipamba nyumba ya Bwana, na ni vyema, kwani uzuri wote umetoka kwake. Lakini yupo mwenye kiu atakayeuleta mdomo wake kwenye huo ukuta wetu. Kabla hatujashika brashi, kabla hatujafungua kinywa kuimba, Mungu atujalie subira ya kuonja mchanga.