Usukani wa Mzee Mwakibete

Mniwie radhi mapema: hadithi hii nilipewa ikiwa nzima, naileta kwenu ina pancha. Ikizima njiani, shukeni msukume.

Huko Tukuyu aliishi mjane, Mama Ambwene, na wanawe watatu waliojaliwa mikono. Ambwene alielewana na injini. Tusajigwe, dada mtu, alinyoosha bati mpaka likasahau ajali. Lugano, kitinda mimba, nyaya zilimtii. Marehemu baba yao, Mzee Mwakibete, aliacha pikapu ya zamani nyuma ya migomba, kuku wanatagia ndani. Kila jioni mama aliiendea, akashika kitasa cha mlango aliokuwa akifunguliwa na mumewe, akarudi jikoni. Kaburi lilikuwa juu kilimani, na magoti yake yalishagoma.

Wanawe wakaapa kumfikisha kaburini.

Ambwene akang'oa injini iliyokufa, akafunga ya dizeli, yenye nguvu kuliko ya kwanza. Bila yeye, kilima kingebaki kutazamwa tu.

Tusajigwe akakata kutu, akachomelea sakafu mpya. Kibonyeo cha mlangoni, pale bati lilipobonyea kwa makofi ya baba akiaga, hakukigusa. Bila yeye, viti vingeachwa barabarani.

Lugano akaweka taa za kupasua ukungu, akaifufua honi ileile ya baba, aliyoipiga mara mbili konani kila akirudi. Bila yeye, wangemfuata mzee kabla ya siku zao.

Siku ya majaribio mama alikuwa akimenya ndizi. Injini ikanguruma, hakuinua kichwa, hakuijua. Honi ikalia mara mbili pale konani. Kisu kikamponyoka. Akatoka, akakipapasa kile kibonyeo.

"Leo baba yenu kachelewa," akasema.

"Mbele tunakaa wawili, mama na dereva," akasema Ambwene. "Dereva ni mimi. Bila injini, hili ni banda la kuku."

"Na bila sakafu, kaka, ungeendesha huku unakimbia," akajibu Tusajigwe.

"Mama katolewa jikoni na honi," akasema Lugano. "Injini yako hata hakuiuliza jina."

Mama akaufumba ufunguo kiganjani. "Atakayeshika usukani ndiye nitakayemwona kama baba yenu, njia nzima. Wanangu, nimnyime nani?"

Je, wewe ungempa nani ule ufunguo? Msinitazame mimi. Nilipoulizwa, nilishauri mama aendeshe mwenyewe, nikampa na somo la kwanza. Wale watatu bado wanabishana, ila kuhusu ukuta wa jiko uliolala chini wameshakubaliana wa kulaumiwa ni nani.