Swali la Mama wa Ndoo

Nyani haoni kundule, huliona la mwenziwe. Methali hii humsema mtu aliye mwepesi wa kuwanyooshea wengine kidole, ilhali aibu yake mwenyewe iko mgongoni, mahali asipopatazama. Kila mtu anaijua, na kila mtu hudhani anayesemwa ni jirani.

Wakili naye alidhani hivyo. Jina hilo hakupewa na wazazi; alibandikwa na wenzake chuoni kwa ajili ya ulimi wake, maana binti yule angeweza kumuuzia samaki maji. Siku hizi ni mama mtu mzima, mwenye mvi mbili tatu anazokataa kuzing'oa, na bado kila akipita karibu na chuo chao cha biashara hupunguza mwendo. Hukumbuka madawati yaliyochongwa majina ya wapenzi, chai ya kantini iliyokuwa rangi tupu, na vicheko visivyokuwa na sababu. Ah, ujana ulikuwa mtamu! Angerudishiwa siku moja tu, angeipokea kwa mikono miwili. Lakini siku anayoikumbuka kuliko zote ndiyo inayomchoma moyo mpaka leo.

Mwaka wao wa mwisho, mwalimu wa maadili ya biashara aliwagawa makundi, kila kundi likapewa swali gumu la dhamiri. Kundi la Wakili lilikuwa na watu watatu: yeye, mwenzao waliyemwita Shangazi kwa kuwa alirudi shule baada ya kulea watoto wanne, na kijana Mpole, fundi wa kuiga mwandiko wowote. Swali lao lilikuwa hili: muuzaji akijua bidhaa yake ina kasoro, na mteja hajaiona, aseme au anyamaze? Walitakiwa kuwauliza wafanyabiashara thelathini sokoni, kisha wawasilishe majibu mbele ya darasa.

Waliuliza kumi na mmoja. Siku ya pili mvua ikanyesha, ya tatu jua likawaka mno, ya nne ukawa uvivu mtupu. Basi Wakili akawakalisha kantini, akagawa kalamu za rangi mbalimbali, wakajaza fomu kumi na tisa wenyewe. Walicheka hadi machozi, Mpole akiandika kwa mkono wa kushoto, Wakili akitunga dhambi za watu asiowajua. Shangazi aliguna kwamba jambo hilo halijakaa vizuri. Wakili akamjibu kuwa wafanyabiashara ni wale wale, na hata wangeulizwa wangesema yale yale. Shangazi akachukua kalamu ya kijani.

Kumbe walisahau tabia moja ya mwalimu wao. Kila mwaka aliwaalika watu wa sokoni waje kusikia walivyonukuliwa, kwa kuwa aliamini anayeulizwa ana haki ya kusikia jibu lake likisomwa. Miaka yote hakuja mtu. Nani afunge duka akasikilize wanafunzi? Mwaka ule walikuja watano, wamevaa nguo zao za kutokea, wakakaa mstari wa mbele.

Wakili aliwaona, lakini hakurudi nyuma. Kaka yake aliyemlea, dereva wa lori, alikwisha kushonesha suti ya siku ya mahafali na kuutangazia mtaa mzima kuwa mdogo wake anamaliza. Akasimama, akawachambua wafanyabiashara kama karanga. Alipofika kwa muuza ndoo wa safu ya tatu, ambaye eti alikiri kuzificha ndoo zenye ufa chini ya zile nzima, darasa likapiga makofi.

Mama mmoja pale mbele akainua mkono taratibu.

"Mwanangu, safu ya tatu muuza ndoo ni mimi peke yangu. Tulionana lini?"

Makofi yakakatika. Mama yule hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililomuumiza Wakili zaidi. Alieleza kwa upole kwamba ndoo yenye ufa yeye huizungushia chaki nyekundu palepale penye ufa, akaiuza kwa wapanda maua. Akaongeza kwamba wawili kati ya wale aliokuja nao ni wateja wake. Je, wataondoka hapo wakimjua kuwa nani?

Wakili alikuwa na pa kutokea. Mpole alikuwa mgonjwa, hakuja siku hiyo, na fomu ile ilikuwa kwa mwandiko wake. Neno moja tu, na lawama zote zingemwangukia asiyekuwepo. Ulimi ulikuwa tayari. Akamtazama yule mama, akaona anangoja jibu kwa heshima, jinsi anavyongojwa mtu mkweli.

"Hatukukuuliza, mama. Watu kumi na tisa hatukuwauliza. Maneno yale niliyatunga mimi, nikayaita yako. Nisamehe."

Mwalimu hakupaza sauti. Aliamuru wote watatu warudie mwaka. Kaka mtu alipopata habari aliikunja suti, akaifungia sandukuni, na jambo hilo lilimuuma mdogo wake kuliko kofi.

Mwaka uliofuata walizunguka soko zima, wakauliza watu thelathini kamili. Mama wa ndoo alimwekea Wakili kigoda, akajibu yote, naye akaandika kila neno. Walipomaliza, mama akamzuia asiinuke.

"Na wewe je, mwanangu? Yako ikiwa na kasoro, na mteja hajaiona, husema?"

Wakili akaweka kalamu chini. "Nilisema ulipoinua mkono, mama. Kabla ya hapo niliziona kasoro zenu tu."

Mama akacheka, akampigapiga begani. Hakika, nyani haoni kundule, huliona la mwenziwe.