Vyombo vya Jirani Juu ya Kabati

Leo tumeimba mpaka jasho limetutoka, na harufu ya jikoni kwa akina mama imeingia humu ndani kabla mimi sijafungua kinywa. Kwa hiyo sitawachelewesha. Ila nawaambia mapema: najua nikitaja neno shukrani, nyote mnakaa mkao wa kuwangojea wale wakoma kumi walioponywa na Bwana. Leo waacheni kwanza wapumzike. Tukiwahitaji tutawaita. Leo nina habari ya vyombo vya jikoni.

Kulikuwa na mama mmoja. Jina silitaji, maana nikilitaja mtaanza kugeuka nyuma kumtafuta. Mumewe alikuwa fundi rangi, na siku moja ngazi ilimponyoka akiwa kazini, akaanguka, akavunjika mguu. Fundi rangi asiye na mguu atapanda wapi? Akalala ndani, mguu umefungwa plasta, umewekwa juu ya mto kama mgeni wa heshima. Nyumba ikaanza kubanwa. Na watoto wale wadogo habari za ngazi hawazijui. Wanachojua ni kwamba jua likizama watu hula.

Sasa ng'ambo ya uzio wao wa michongoma aliishi jirani, mama mtu mzima, mjane. Huyu alilea watoto wengi, wote wakaoa na kuolewa, wakatawanyika, lakini mkono wake ulikataa kuamini. Kila akipika, alipika kwenye sufuria ile ile kubwa ya zamani. Akina mama wa namna hiyo mnawajua? Ukimwambia apike kidogo, atakuuliza kidogo ndiyo kiasi gani.

Aliposikia habari za mguu hakuuliza maswali. Jioni alipakua makande kwenye bakuli la bati lenye maua mekundu, akalifunika kwa sahani, akalipitisha juu ya uzio. "Haya, mwanangu, wape watoto kabla hayajapoa." Nyumba ile ikalala imeshiba.

Asubuhi mama akaliosha lile bakuli, na hapo ndipo shida ilipoanza. Nawauliza akina mama: bakuli la jirani linarudije kwao? Eeh, nimesikia. Halirudi tupu! Hata kama ni nyanya mbili, hata kama ni ndimu, hata kikombe cha unga, utaweka kitu ndani. Tumefundwa hivyo na mama zetu, na ni mila nzuri, msije mkasema mchungaji ameitukana. Yule mama naye alifundwa vizuri. Akatazama huku na huku jikoni kwake, hakuona cha kuweka. Akasema, "Nitalirudisha nikipata." Akalipandisha juu ya kabati.

Kabla hajapata, ikaja hotpoti ya ndizi. Hotpoti nayo ikapanda juu ya kabati. Likaja sinia la wali. Siku alipopata sukari ya kutosha bakuli moja, vyombo vilikuwa vitatu. Aigaweje? Aweke punje huku na punje kule, achekwe? Akasema, "Ngoja nipate ya kutosha, nivirudishe vyote kwa heshima." Ile sukari watoto wakainywea uji. Na ng'ambo ya pili, bila kujua lolote, yule mjane akapakua kisamvu.

Mumewe alikuwa akiyaona yote pale kitandani, maana mtu aliyevunjika mguu hana kazi nyingine. Akamwambia, "Mke wangu, si uvirudishe tu hivyo vyombo?"

"Nivirudishe vitupu?"

"Umwambie asante."

"Asante haijazi bakuli, baba watoto. Unataka mtaa mzima useme tumezoea kula vya watu?"

Basi aibu ikamfunza kukwepa. Alikuwa akitoka uani na ndoo, akisikia yule mjane anakohoa upande wa pili, anarudi ndani haraka. Salamu ya asubuhi, ile shikamoo iliyokuwa ikivuka uzio kila siku, ikakatika. Hata kanisani alihamia benchi la mlangoni, ili mchungaji akiinua mkono kutoa baraka, yeye awe ameshavaa kandambili. Mnacheka? Benchi la mlangoni nawaona kutoka hapa.

Halafu chakula kikakoma. Jioni ya kwanza akasema labda jirani amesafiri. Lakini moshi wa jikoni kwake aliuona, na harufu ya vitunguu ilikuja mpaka kitandani kwa mgonjwa. Jioni nyingine hivyo hivyo. Yule mama akaumia moyo. Akasema, "Amenichoka. Amejua sina shukrani." Kesho yake maumivu yakageuka hasira: "Kama alikuwa anatoa ili aje kusimanga, bora asingetoa." Mmeona aibu inavyotembea? Inaanza kwa kukuficha, inamaliza kwa kukufanya umchukie mtu aliyekulisha. Na mama huyu, ukweli wake, hakuwa na mtu mwingine mtaani. Alikuwa anampoteza rafiki, na anampoteza kwa sababu ya bakuli.

Sasa ikafika Jumamosi moja, mchana. Akasikia, "Hodi! Hodi humu ndani!" Akachungulia dirishani: ni yeye! Amefuata vyombo vyake! Akamgeukia mumewe, akaweka kidole mdomoni, maana yake tusiitikie, tuonekane hatupo. Lakini mume, mtu ambaye hata angetaka kukimbia asingeweza, akapaza sauti, "Karibu, mama! Tupo!"

Mlango ukafunguka, na yule mjane akaingia kinyumenyume, akiusukuma kwa mgongo, kwa sababu mikono yake yote miwili ilishika mfuniko. Mfuniko wa ile sufuria kubwa! Ameugeuza chali, umejaa pilau kama kichuguu, mchuzi unamchuruzika mpaka kwenye viwiko.

"Nipokee, mwanangu, naungua!"

Wakaupokea, wakautua mezani. Akajifuta mikono kwenye kanga, akainua macho ili avute pumzi, na macho yakaenda moja kwa moja juu ya kabati. Vyombo vyote vimepangwa, vimesuguliwa, vinang'aa kuliko siku vilipotoka dukani.

"Alaa! Kumbe mko huku!" Akaanza kuvisalimia kama ndugu waliopotea. "Wewe mwenye maua! Na wewe hotpoti, mimi nilijua nimekuacha msibani!"

Yule mama akashindwa kuvumilia, akaangua kilio. "Mama, nisamehe. Sikuwa nimekusudia kuvichukua. Nilikuwa naona aibu kuvirudisha vitupu. Na ulipoacha kuleta chakula, nikajua umeshanichoka."

Mjane akavuta kigoda, akakaa. "Nikuchoke? Mwanangu, mimi kila siku napika, nasema hii ni ya kwa mwenye mguu. Nanyoosha mkono kwenye rafu nichukue chombo, rafu nyeupe! Nasema basi kesho. Leo nimesema hapana, pilau hii haitalala kwangu, nikabeba mfuniko."

"Lakini tumefundwa, mama. Chombo hakirudi kitupu."

"Ni kweli, hakirudi kitupu. Kwani wewe ungekuja bila mdomo? Ungekuja ukasema asante, ukaniambia mguu wa baba unaendeleaje, ukakaa tukacheka. Mimi nimebaki peke yangu na sufuria kubwa. Unadhani nilikuwa nangoja sukari? Sukari ninayo. Nilikuwa nangoja mtu." Kisha akacheka. "Halafu niambie, bakuli lisipokuwa tupu, mimi nipakulie wapi?"

Yule mama akajifuta uso kwa kanga. "Asante, mama."

"Rudia."

"Asante sana, mama."

"Ehe! Hiyo ndiyo niliyoikosa siku zote hizi. Haya, washushe hao ndugu zangu, twende nyumbani."

Laiti mngeuona msafara ule! Mtoto huyu kabeba sinia, yule kalivaa bakuli la maua kichwani, mama kakumbatia hotpoti, na mjane anatangulia akipiga vigelegele mchana kweupe, majirani wanauliza kuna harusi kwa nani. Mgonjwa naye aliruka kwa mguu mmoja mpaka mlangoni aone, shavu limevimba kwa pilau. Vyombo vilikwenda vitupu vyote. Na jioni ile ile, nyie mnaojua mkono wa yule mjane, hamna haja ya kuniuliza vilirudi vikiwa namna gani.

Sasa tuje kwetu sisi. Juu ya kabati letu kuna nini?

Kuna mtu humu alitoka wodini kabla ya Pasaka, na alipotoka alisema, "Nitamshukuru Mungu." Ukimuuliza leo, anasema bado anajipanga. Anajipanga nini? Anataka ukoo wote uje, washone sare, kwaya iimbe, na mbuzi atangulie mbele. Sisemi mbuzi ni mbaya! Mleteni, mchungaji naye ana meno. Lakini mbuzi hajapatikana, na kabla hajapatikana Mungu amekupa jingine, mtoto amefaulu, na jingine tena, mvua imenyesha shambani kwako. Vyombo vinaongezeka juu ya kabati. Mwishowe hatuwezi tena kumtazama Mungu usoni. Tunaanza kukaa benchi la mlangoni. Maombi yanakuwa mafupi, kama salamu ya mtu anayekimbilia ndani. Tunasema Mungu siku hizi amenyamaza, Mungu amenuna. Ndugu zangu, hajanuna! Moshi unaonekana jikoni kwake. Sisi ndio tumejifungia na vyombo vyake, tukiogopa hesabu ambayo mwenyewe hakuiweka. Yeye alidhani ameviacha msibani!

Wala msinielewe vibaya, mkaenda nyumbani mkasema mchungaji ametufundisha kurudisha bakuli ili tujaziwe. Hiyo ni biashara. Pilau ilifika kabla chombo hata kimoja hakijarudi. Ilifika juu ya mfuniko! Ndivyo Bwana wetu alivyotufanyia. Tulikuwa bado tumejificha, tumeweka kidole mdomoni, tunajifanya hatupo, naye akaja mwenyewe, akiungua mikono, akaingia. Hakungoja tuwe na cha kurudisha. Na ninafurahi, jamani, ninafurahi mpaka nashindwa kusimama sehemu moja, kwa sababu kama angengoja, mimi na ninyi tungekuwa wapi leo?

Haya, sasa waiteni wale wakoma. Tisa waacheni waende zao, labda nao walikuwa wanajipanga. Yule mmoja aliyerudi, nataka kumwona mikononi. Alibeba nini? Semeni kwa nguvu. Alikuwa na mbuzi? Alikuwa na sare? Mtu aliyekuwa mgonjwa nje ya mji miaka yote hiyo, atatoa wapi mbuzi! Alirudi na magoti yake na sauti kubwa. Na Bwana hakumuuliza, "Umeniletea nini?" Alimuuliza wenzake wako wapi. Kumbe Bwana naye alikuwa anangoja watu.

Basi inukeni, na wa benchi la mlangoni inukeni pia, leo hakuna kutoka kabla ya baraka. Nyoosheni mikono mbele, viganja juu. Vitazameni. Vitupu, siyo?

Vizuri sana. Hivyo hivyo, semeni asante.