Bi Kuchakuro na Zoezi la Mafuriko

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa bado wanapanga foleni na kugongewa mihuri kama watu, kulikuwa na mji uitwao Bondeni. Mji huo ulikaa kando ya mto, chini ya kilima; mji na kilima vilizungushiwa boma la miiba lenye lango moja tu.

Mfalme wake alikuwa Tembo. Langoni alimweka Kifaru, Mkuu wa Usalama, mwenye muhuri mkubwa kama sufuria. Mambo ya hatari, yaani moto, njaa na mafuriko, alimkabidhi Kiboko, Mkuu wa Maafa. Kazi ya Kiboko ilikuwa kuwaandaa wananchi kabla maafa hayajafika. Yeye aliona kazi hiyo inakwenda vizuri zaidi akiwa amelala.

Sasa, wanangu, katikati ya wakubwa hao alikuwepo mdogo mmoja, Bi Kuchakuro. Mnamjua kuchakuro? Yule mwenye mkia wa manyoya, anayechimba shimo lake ardhini, asiyetulia hata kidogo! Bi Kuchakuro aliwapikia wakubwa uji. Kila asubuhi alibeba chungu chake, tuku tuku tuku, ofisi hii hadi ile. Na kwa kuwa hakuna anayejali mpika uji anasikia nini, alizijua siri zote za serikali.

Asubuhi moja alifika langoni akakuta wageni wamekaa nje ya boma, wana matope hadi masikioni. Walikuwepo Kobe na Nungunungu, na katikati yao, lo! dada yake wa tumbo moja, Kishungi, pamoja na wanawe watano.

"Dada! Umepatwa na nini?"

"Mlima umeporomoka, mdogo wangu! Gubuu! Udongo wote umeangukia mtoni, mto ukaziba. Maji yamerudi nyuma yakameza kijiji chetu kizima. Sasa ni ziwa, na ule udongo umeanza kuvuja. Ukipasuka, maji yote yanakuja huku kwenu!"

Bi Kuchakuro aligeuka akautazama mto. Kweli, ulikuwa umepungua mpaka mawe ya chini yanaonekana. Siku tatu sasa alikuwa akichota maji na kushangaa. Sasa akaelewa.

"Shikamoo, Mkuu," akamwambia Kifaru. "Huyu ni dada yangu. Mfungulie, tafadhali."

"Marahaba. Ana kibali?"

"Hana, Mkuu. Amekimbia."

"Basi alete barua ya mjumbe wa kijiji chake, nimgongee kibali."

"Nyumba ya mjumbe iko chini ya maji!"

"Huyo mjumbe anajua kuogelea?" Kifaru akauliza, na wala hakuwa anatania.

Bi Kuchakuro akatimka hadi kwa Kiboko, akamkuta amejilaza topeni, macho nusu wazi. Alipomaliza kumweleza, Kiboko akacheka hadi tope likatikisika.

"Ha! Ha! Haa! Mama uji, mto umekauka, wewe unaniletea habari za mafuriko? Halafu taarifa ya hatari napokea kwa mwenye kibali. Hao wana kibali?"

"Hawana, Mkuu."

"Basi hakuna hatari. Uji uko wapi?"

Bi Kuchakuro akatoka nje, akafudikiza chungu chake akakikalia. Alilia kidogo, kwa hasira zaidi kuliko huzuni. Aliwawaza wale watoto watano walio nje ya boma, na mji mzima ulio ndani yake, na maji yale juu kule yakisubiri. Kisha akafuta machozi kwa mkia. Alikuwa amekumbuka kitu.

Sheria ya Bondeni ilisema kila mwaka, kabla ya masika, lazima Mkuu wa Maafa afanye zoezi la mafuriko. Baragumu lipigwe, wananchi wote wapande kilimani, wahanga waokolewe. Kiboko hakuwahi kulifanya hata mara moja. Lakini kila mwaka aliandika katika ripoti yake: *Zoezi limefanyika, limefana sana.*

Tuku tuku tuku, mpaka ikulu.

"Mtukufu Mfalme, Mkuu wa Maafa anakualika leo saa nane mchana ukaone zoezi la mafuriko."

Tembo akapepea masikio kwa furaha. "Hatimaye! Kila mwaka nasoma kwamba limefana, mimi sijapata kuliona. Nitakuja. Tena asibaki mtu mjini, wote wapande!"

Tuku tuku tuku, mpaka kwa Kiboko.

"Mkuu, Mfalme anakuja saa nane kuona zoezi."

"Zoezi gani?"

"Lile linalofana kila mwaka."

Kiboko alitoka topeni, chubwii! kwa wepesi ambao hata mama yake mzazi hakuwahi kuuona. Akamwita Kifaru, wakahangaika huku na huku. Baragumu lilipatikana, limejaa utando wa buibui. Kamba zilipatikana. Lakini wahanga je?

"Kifaru, wewe uwe mhanga. Lala pale matopeni upige kelele."

"Mimi? Mkuu wa Usalama nigaegae mbele ya Mfalme? Lala wewe!"

"Nikilala mimi nani ataniokoa, na uzito huu?"

Bi Kuchakuro akakohoa kidogo. "Wakuu wangu, samahani. Pale nje ya lango kuna watu wamekaa bure. Matope wanayo, njaa wanayo, na kulia wanajua. Hata kuwafundisha hakuna haja."

Wakubwa wakatazamana.

"Lakini zoezi likiisha, wanarudi nje!" akasema Kifaru.

"Zoezi likiisha, Mkuu," akajibu Bi Kuchakuro, kwa upole kama maji ya mtungini.

Akakimbilia langoni, akamnong'oneza Kishungi: "Dada, usiulize kitu. Watoto walie kwa nguvu zao zote."

Saa nane kamili, baragumu likalia: Puuuuu! Mji mzima ukapanda kilimani, pundamilia na watoto wao, kanga na vifaranga vyao, bibi nyani na mkeka wake. Tembo alisimama juu kabisa akitazama kila kitu. Na chini, wanangu, mngecheka mpaka mbavu ziume!

Kifaru aliyekataa kufungua lango sasa alilifungua mwenyewe, wazi, ngaa! Wahanga wote walipoingia akalifunga tena, kwa mazoea. Akapanda kilima amembeba Kishungi mgongoni, na watoto watatu wakining'inia kwenye pembe. Wawili waliobaki walimshika masikio, wakilia uwii! uwii! kwa raha zao. Nyuma yake alifuata Kiboko na Kobe mgongoni. Na nyuma ya Kobe alikaa Nungunungu.

"Aii! Kaa vizuri, wewe!"

"Nimekaa vizuri, Mkuu. Wewe ndiye unayetikisika."

"Aiii! Mama yangu!"

"Angalieni jinsi anavyoona uchungu kwa ajili ya wananchi!" akasema Tembo, akaguswa sana. "Kiongozi ndiye huyu!"

Kule juu Bi Kuchakuro alikuwa amekwisha kuinjika chungu cha uji. Na kwa kuwa sheria ilitaka waliookolewa waorodheshwe, Kifaru akaandika majina yao mbele ya Mfalme na kuyapigia muhuri kwa mbwembwe. Pa! Kishungi. Pa! pa! pa! pa! pa! Watoto. Pa! Nungunungu. Pa! Kobe.

"Haya, limefana," akasema Kiboko, akichomoa miiba. "Tushuke."

Bi Kuchakuro akatupa jicho mtoni. Mto ulikuwa kimya.

"Bado, Mkuu! Sheria inasema wahanga wanywe uji mpaka washibe."

Kobe akaelewa. Akanywa funda moja, akafumba macho, akapumua, akatafakari. Halafu funda la pili. Jua likasogea. Kifaru akakanyaga chini kwa hasira. Watoto wa Kishungi wakaomba kuongezewa, wakaomba tena, matumbo yamekuwa kama ngoma.

"Sasa basi!" akanguruma Kifaru. "Hawa wamerogwa? Zoezi limekwisha! Wageni, tokeni, twende lango..."

Nguuuuuu!

Kilima kikatetemeka. Kutoka juu ya mto ukaja ukuta wa maji mekundu, umebeba miti na mawe, ukapita Bondeni vuruvuru! Boma likang'oka, nyumba zikang'oka. Mwisho kabisa likapita lango, limesimama wima juu ya maji, limefungwa vizuri kabisa.

Kiboko, mdomo wazi, akamwuliza Bi Kuchakuro kwa sauti ndogo, "Hili nalo liko kwenye zoezi?"

Hakuna aliyekufa, wanangu. Hata kifaranga! Mji wote ulikuwa kilimani, umeshika mikeka na masufuria yake. Watu wakaanza kukumbatiana na kupiga vigelegele.

"Kiboko," akasema Tembo, "ulijuaje?"

Kiboko akavuta pumzi ajisifu. Nungunungu akamsogelea kidogo, akasimamisha miiba.

"Sikujua, Mtukufu," akasema Kiboko haraka.

"Nilidanganya mimi," akasema Bi Kuchakuro. "Kiboko hakukualika; hata habari ya zoezi hakuwa nayo. Habari ya maji waliileta hawa wageni tangu asubuhi, wakaambiwa hawana kibali."

Tembo akamtazama Kiboko, akautazama mto. Kisha akaanza kucheka, akacheka mpaka akaketi chini, kilima kikatetemeka mara ya pili.

"Lakini Mtukufu," Kifaru akasema, "hawa si warudi nje ya lango?"

"Lango gani?" akauliza Tembo. "Lile linaloelea? Na hii orodha yenye muhuri ni ya nani?"

Kifaru akautazama muhuri wake. Ulikuwa wake kabisa.

Basi Kishungi na wenzake wakawa wenyeji, na kwa siku nyingi Kiboko na Kifaru ndio waliobeba udongo wa kuujenga mji upya, safari hii juu ya kilima. Lango jipya pia lilijengwa, na Kifaru akarudishwa pale. Ila kila aliyefika, Kifaru alianza kwa kumwuliza, "Karibu. Umeona nini huko utokako?"

Tena alikuwa akimpa uji.

Nanyi wanangu, akija mtu mbio mlangoni kwenu, kabla hamjamwuliza kibali, mwulizeni anakimbia nini.