Mlinzi wa Kisima cha Daftarini

Hapo zamani, enzi ambazo madaftari ya wakubwa yalikuwa manene na watu wao wembamba, palikuwa na kijiji kikiitwa Bungala, nacho kilitawaliwa na Jumbe Mwinyikondo. Kijiji chenyewe hakikuzidi nyumba arobaini, lakini ungemsikia Jumbe akikisimulia ungedhani ni Misri. Kila mwaka Liwali, aliyetawala majumbe wote wa upande ule, alimpelekea mfuko wa fedha za kuwahudumia watu. Na kila siku ya mwaka mpya Jumbe aliwakusanya watu kiwanjani, mbele ya nyumba yake, wasomewe daftari la kazi zilizotendwa kwa fedha ile. Karani Mwidau alisimama, akakohoa, akasoma, na kila alipomaliza jambo moja aliuliza, "Je, mmeona?" Nao watu wakajibu kwa kishindo, "Tumeona!"

Msiwalaumu. Pilau ilikuwa jikoni, tena haikupakuliwa mpaka daftari lifungwe, na mwenye njaa huona mengi. Basi walikwisha kuona barabara ya kokoto, hali miguu yao ilikuwa imejaa tope la kuja nalo pale. Walikwisha kuona nyumba ya mganga, yenye kitanda na dawa za kila namna. Walikwisha kuona chuo cha mayatima, na mayatima wenyewe ndio waliopiga ukelele wa "Tumeona!" kuliko wote, maana nao walikuwa na njaa kuliko wote.

Katika kijiji hicho aliishi hohehahe mmoja, jina lake Mshamu, kazi yake kuchonga mipini ya majembe. Watu walimwita punguani kwa kuwa alilichukua kila neno kama lilivyosemwa. Ukimwambia "Karibu kwetu siku yoyote," basi atakuja siku yoyote, na mkeka wake kwapani. Mkewe aliitwa Somoe, naye siku hizo alikuwa na mimba ya miezi saba.

Ikawa Bungala haina maji. Wanawake waliondoka jogoo la kwanza kwenda mtoni, wakarudi jua la utosi na mitungi kichwani, na mimba si udhuru, kwani nani atamtekea mwenzake na yeye ana wanawe? Juma moja kabla ya mwaka mpya Somoe alianguka njiani. Mtungi ulivunjika, naye akalala pale kando ya njia mpaka wenziwe walipomkuta wakamwinua. Siku hiyo Mshamu hakufanya mzaha hata mmoja. Alilia mbele ya mkewe, akamwambia, "Somoe, mke wangu, mtungi mwingine wa namna hii utanizikia watu wawili."

Basi siku ya mwaka ikafika, watu wakakaa, daftari likafunguliwa. Karani Mwidau akasoma, "Kisima! Chenye kina cha pima kumi na mbili, kilichojengewa kwa mawe, kilichochimbwa na Jumbe kwa mkono wake mwenyewe kwa huruma aliyo nayo juu ya kina mama, nacho kipo hapa hapa kiwanjani. Je, mmeona?"

"Tumeona!"

"Mimi sijaona," akasema Mshamu.

Watu wakageuka. Jikoni mpakuaji akasimama na upawa hewani. Jumbe akamtazama yule mchonga mipini tangu kichwani hadi kwenye magaga ya miguu yake, akasema, "Ewe Mshamu, watu mia mbili wameona, nawe peke yako hukuona?"

"Nashika miguu, Jumbe wangu. Macho yangu hayakusoma, ndiyo maana hayaoni vilivyoandikwa."

Watu wakaangua kicheko, nacho kilimchoma Jumbe kuliko maneno. Akawaza kumtandika viboko, kisha akaona viboko ni kumhurumia, afadhali amfanye kichekesho cha mwaka mzima. Akasema, "Basi asiyeona ajongezwe karibu. Tangu leo wewe ndiwe mlinzi wa kisima hiki. Utakaa hapa juani toka asubuhi hata magharibi. Asitumbukie mtu, asitumbukie mnyama. Akitumbukia yeyote, au kisima kikipatwa na lolote, wewe na mkeo mtatoka Bungala siku hiyo hiyo. Umesikia?"

"Nimesikia, Jumbe. Nitakilinda kama roho yangu."

Watu wakacheka tena, pilau ikapakuliwa, Mshamu naye akala sahani mbili, maana sasa alikuwa mtu wa serikali.

Kesho yake adhuhuri Jumbe alipofungua mlango wake wa mbele akakuta ua wa miiba. Mshamu alikuwa ameukata msituni akauzungusha kiwanjani, upana wake hatua ishirini, nao ulianzia shina la mti wa mkungu ng'ambo ya kiwanja ukaishia kizingitini pa Jumbe. Yeye mwenyewe alikuwa ameketi kwenye kigoda, rungu magotini.

"Nini hiki, wewe?" akauliza Jumbe.

"Ua wa kisima, Jumbe wangu. Daftari halikusema kisima kipo upande gani wa kiwanja, basi nimeona tahadhari, nimekizungusha kiwanja chote."

"Ondoa miiba nipite!"

"Upite wapi, Jumbe? Pima kumi na mbili! Ukitumbukia wewe tutampata wapi mwingine? Kisha mimi na mke wangu tufukuzwe. La, Bwana wangu, amri yako naiogopa kuliko ninavyokuogopa wewe."

"Mpumbavu we! Hapana hata—" Jumbe akaanza, na hapo akaona wanawake wanaorudi kutoka mtoni wamesimama na mitungi kichwani, wanasikiliza. Karani Mwidau akakohoa mara tatu. Jumbe akameza yaliyobaki, akarudi ndani, akatokea mlango wa nyuma, akapita katikati ya vyoo vya jirani, ameinua kanzu kwa mikono miwili.

Ikawa ndiyo njia yake tangu siku hiyo. Punda wake waliobeba mpunga walipitishwa vyooni. Wageni wake walipitishwa vyooni. Posa ya binti yake ililetwa kwa matari na vigelegele, ikafika uani penye miiba, na Mshamu akasimama akawaambia wazee wa bwana harusi kwa adabu zote, "Karibuni, waungwana, lakini zungukeni, hapa pana kisima, shahidi wangu ni daftari." Wakazunguka, na huko walikozunguka mmoja wao alipoteza kiatu, akakataa kukifuata.

Jumbe alitamani kumfukuza, lakini kwa kosa gani? Mlinzi alikuwa analinda. Akamwita karani wake faraghani akamwuliza, "Mwidau, tufanyeje?"

Karani akasema, "Jumbe, uwaambie watu hapana kisima."

"Na fedha je?"

Karani akatazama dari.

Mwezi mmoja ukapita namna hiyo. Ndipo zikaja habari kwamba Liwali mwenyewe yu njiani, anazuru vijiji vyake, na keshokutwa atafika Bungala. Jumbe usingizi ukamruka. Lakini alfajiri ya siku yenyewe aliamka anatabasamu, kwani alikuwa ameipata hila. Akamwita Mshamu akamwambia, "Leo Liwali atataka maji ya kisima hiki. Usipoyatoa, nitasema nilikukabidhi kisima kizima, nawe umekipoteza. Mwambie mkeo afunge mzigo."

Mshamu akaenda kwake, akamkuta Somoe amekaa kitako ukutani, miguu imemvimba. Akamweleza. Somoe akasema, "Mume wangu, mimi kutembea mpaka kijiji kingine siwezi. Nitazaa porini." Mshamu akachukua rungu lake, akarudi kwenye kigoda chake na hofu moyoni, sitawaficha.

Adhuhuri Liwali akafika na askari wake, mzee mwenye ndevu nyeupe na vumbi hadi kwenye kope. Akashuka kwenye punda, akasema, "Jumbe, sala imetufikia. Nipe maji nitawadhe. Nimesoma habari za kisima chako, nami nimeacha kunywa njiani makusudi ili ninywe hapa."

Jumbe akajipiga kifua. "Ole wangu, Liwali! Kisima nilikichimba kwa mkono wangu, mashahidi ni kijiji kizima. Nikamkabidhi mtu huyu akilinde, naye amekipoteza. Amri yako tu, bwana wangu, nimtoe kijijini."

Liwali akaukodolea macho ua wa miiba, kisha akautazama mchanga mtupu uliokuwa ndani yake. "Amekipoteza? Kisima? Nimepata kusikia mtu kapoteza ng'ombe."

Mshamu akapiga magoti. "Liwali, Bwana wangu, Jumbe hasemi uongo. Kisima kipo, nami nimekilinda, hajatumbukia hata kuku. Ila kimepatwa na jambo moja. Kimejaa udongo."

"Kimejaa udongo?"

"Mpaka juu, Bwana. Tena umeshindiliwa hata usione ukingo."

Jumbe aliposikia hivyo akaona mlango wa kutokea, na huu haukupita vyooni. Akaurukia kwa miguu yote miwili. "Naam! Naam, Liwali! Udongo! Umejaa kwa uzembe wake! Naapa mbele yako na mbele ya watu hawa, chini ya udongo huu pana kisima changu cha pima kumi na mbili!"

"Unaapa?" akauliza Liwali.

"Naapa!"

"Basi kosa ni langu," akasema Mshamu, "na ilinipasa mimi nikizoe. Lakini naogopa, Liwali. Mimi sijui kuta zake zilipo. Nikipiga jembe ovyo nitaibomoa kazi ya Jumbe, na kazi ya namna ile haipatikani tena. Ajuaye kuta ni aliyezijenga, na daftari linasema alijenga kwa mkono wake mwenyewe. Basi naomba Jumbe ndiye akizoe, mimi nimchongee mpini bure."

Liwali akanyosha mkono, akapewa daftari, akasoma ule ukurasa polepole, na ndevu zake zikaanza kutikisika. Akasema, "Neno la haki. Jumbe, vua kanzu."

"Liwali, mimi... kisima hiki..."

"Kipo au hakipo? Sema sasa, maadamu umekwisha kuapa. Kama hakipo, tutaulizana mimi nawe habari za mfuko wangu, na huko hatutumii jembe."

Jumbe akavua kanzu.

Liwali akapiga hema, akasema haondoki mpaka anywe maji aliyoahidiwa. Ikawa kila siku Jumbe Mwinyikondo anazoa kisima chake kwa shuka kiunoni, na Karani Mwidau anavuta makapu ya udongo kwa kamba, kwa kuwa naye mkono wake ulikuwa katika daftari. Siku ya tatu Liwali akachungulia, akauliza, "Jumbe, hizi kuta za mawe mbona sizioni?"

Sauti ikatoka chini, "Yameoza, Liwali!"

"Mawe?"

"Yalikuwa mawe ya bei nafuu!"

Liwali akacheka mpaka askari wakamshika asije akatumbukia, akaamuru mawe mengine yaletwe, na Jumbe atakapopanda kupumzika ayabebe. Na jioni, alipokuwa hana la kufanya, Liwali alilifunua daftari akasoma kurasa nyingine. Akauliza barabara ya kokoto iko wapi, na Mshamu akamjibu kwamba imeota majani. Akauliza nyumba ya mganga, akajibiwa kwamba imezama. "Na chuo cha mayatima?" "Hicho kipo, Bwana, kimehamia mbali." Liwali akatia alama kila ukurasa kwa wino mwekundu, akasema, "Mikono ya Jumbe itakuwa imezoea. Akitoka kisimani aanze na barabara."

Pima ya tano ilikuwa mfinyanzi, pima ya nane ilikuwa mwamba, na Jumbe alilia kama mtu aliyefiwa. Siku ya ishirini na mbili, kwenye pima ya kumi na moja na nusu, jembe likatoa sauti nyingine. Jumbe akapiga ukelele huko chini, na ukelele wenyewe haukuwa wa maumivu. "Maji! Jamani, maji! Njoni muone!"

Watu wakamiminika. Wanawake wakaja na kila chombo kinachokaa maji, wakapanga mstari tangu ukingoni hadi ng'ambo ya kiwanja. Somoe, ambaye siku zake zilikuwa zimekaribia, wakampa nafasi ya kwanza. Akatekewa mtungi mpya, Mshamu akambebea, wakafika nyumbani kabla jasho halijamtoka. Usiku wa tatu akajifungua salama, mtoto wa kike, akaogeshwa kwa maji yaliyotoka mbele ya nyumba ya Jumbe.

Lakini nisiwaache kabla ya kuwaambia hili. Jumbe alipovutwa juu kwa kamba ile siku ya maji, alikuwa tope tupu, hata watu hawakumjua ila kwa sauti. Kiu ilikuwa imemkausha koo. Akainyoshea mkono ndoo ya kwanza aliyoiona, nayo ilikuwa ya Bi Mwanakupona, bibi kizee aliyekwenda mtoni miaka hamsini.

Bibi akaivuta ndoo yake. "Shika mstari, baba," akamwambia.

Jumbe akamtazama Liwali, na Liwali akaangalia mawingu. Akawatazama watu, na watu wakamtazama yeye, bila kicheko na bila kumpisha. Basi Jumbe Mwinyikondo akachukua kibuyu kitupu, akaenda akasimama nyuma kabisa, nyuma ya mayatima, akangoja zamu yake.

Hapo ndipo nilipoachia kamba ya hadithi. Anayetaka kwenda chini zaidi ashuke mwenyewe.