Bibi Nyamizi Abishe Hodi kwa Nani?

Sogeeni, na mwenye kikohozi akohoe sasa, maana leo sitaki kukatizwa. Sitawaimbia wala sitawachekesha. Hadithi hii imenikaa rohoni kwa hasira, na nyinyi ndio mtakaonitua, kwa sababu mwishoni nitawauliza swali na sitamruhusu mtu aondoke bila kujibu.

Katika mji wa Bukamba walikuwapo vijana watatu wenye vipawa.

Wa kwanza aliitwa Masalu, na kipawa chake kilikuwa masikio. Akikaa kwa kinyozi kusubiri zamu yake, anaondoka na maneno ya watu wote waliokuwamo. Akiyaandika, utaapa unamsikia fulani mwenyewe akisema.

Wa pili aliitwa Sikudhani, na kipawa chake kilikuwa mwili. Akikuona unapita mara moja tu, keshakuchukua: unavyofunga kanga, unavyopiga chafya, unavyojifanya hujamwona mtu usiyempenda. Mtaa mzima ulikuwa ukimwogopa na kumpenda kwa hilo.

Wa tatu aliitwa Ndaki, na kipawa chake kilikuwa jicho. Alikuwa na kamera iliyochubuka kila upande, lakini akiamua kukutisha kwa sufuria ya maharage, unatishika. Anaisogelea, anaipunguzia mwanga, anaweka ngoma chini yake, nawe unajikuta umeshika mkono wa jirani.

Na alikuwapo Bibi Nyamizi. Huyu hakuna aliyewahi kusema ana kipawa. Alikuwa mpishi wa shule ya msingi, mpaka uzee ulipomtoa jikoni. Wale vijana watatu wote walikua kwa uji wake. Macho yake yalikuwa mekundu kwa moshi wa kuni mbichi, zile ambazo shule ilikuwa ikiletewa kila masika. Mguu wake wa kushoto ulikuwa unachechemea tangu siku alipomwagikiwa na maji ya ugali. Na alikuwa na neno lake. Kila mtoto aliyemjazia bakuli alimwambia, "Tutaonana, mwanangu." Maana yake ilikuwa kesho uje tena, usitoroke shule. Watoto walilijua hilo, wakamjibu, "Tutaonana, bibi," na kesho wakaja.

Basi vijana wetu wakaamua kutengeneza sinema. Wakataka ya mchawi, kwa kuwa ndiyo inayouzika. Hakuna aliyewalazimisha, lieleweni hilo.

Masalu akakaa kuandika. Akamtaka mchawi awe na neno moja la kusema kabla mtu hajafa, neno la kawaida kabisa ili litishe zaidi. Akatafuta, akatafuta, likamjia lile la jikoni. Akaandika: *Tutaonana, mwanangu.*

Sikudhani akakaa kujifunza. Akataka mchawi wake awe na mwendo ambao mtu hatausahau. Akatafuta, akatafuta, akamwona Bibi Nyamizi anatoka bombani na ndoo. Akauchukua ule mguu wa kushoto, na namna anavyosimama kupumzika, mkono kiunoni, akavitia katika mwili wake.

Ndaki akakaa kupiga picha. Akaona uso wa Sikudhani ni wa kijana mno, haumtishi mtu. Akatafuta, akatafuta, akakumbuka macho. Akamwekea mwenzake dawa ya kuyatia wekundu, akayasogelea kwa kamera mpaka yakajaa kioo kizima, na chini yake akatia ngoma.

Neno lake, mguu wake, macho yake. Hivyo ndivyo walivyomgawana mtu aliyewalisha, na hakuna hata mmoja aliyekwenda kumwambia.

Siku ya kuionyesha, watu walijaa kibanda umiza chote, kile cha mabati karibu na stendi ambako watu huenda kutazama sinema na mpira. Bibi Nyamizi naye akaenda. Aliambiwa wajukuu zake wa shule wametoa sinema, na angeachaje? Alifika amevaa kanga mpya, wakampisha benchi la mbele. Sikudhani alipotokea akichechemea, bibi alicheka mpaka akajipiga paja. "Jamani, mtoto huyu kaniweza!" alisema kwa sauti.

Kisha yale macho yakajaa ukutani. Ngoma ikalia. "Tutaonana, mwanangu," mchawi akamwambia msichana mmoja mdogo mwenye bakuli, na msichana akaanguka akafa.

Bibi Nyamizi aliacha kucheka. Alihisi benchi limekuwa jepesi. Alipogeuka, aliyekuwa kulia kwake ameondoka, na aliyekuwa kushoto anajisogeza. Nyuma yake watu walikuwa wakitazama ukutani, halafu wanamtazama yeye, halafu ukutani tena. Sinema ilipokwisha wakapiga makofi kwa nguvu, na yeye akabaki na mikono mapajani, hajui aiweke wapi.

Sinema ile ikapata tuzo. Tuzo yenyewe ni kikombe kimoja kinachong'aa, na waliokitoa wakasema sinema imeielimisha jamii. Kuielimisha! Hapo ndipo vijana walipoanza kugombana, palepale jukwaani.

"Kikombe ni changu," alisema Masalu. "Bila neno langu, mngekuwa na bibi anayetembeatembea tu."

"Ni changu," alisema Sikudhani. "Neno lako lilikuwa limelala kwenye karatasi. Ni mimi niliyelitia miguu."

"Ni changu," alisema Ndaki. "Miguu iko mingi. Mtu akifika kwake akizima taa, anaona nini? Anaona macho. Macho niliyaweka mimi."

Wakashindwa kuamuana. Wakakubaliana kikombe kizunguke, kikae kwa kila mmoja kwa zamu, na kila kilipokuwa palipikwa pilau.

Huku nyuma, watoto waliacha kumwamkia Bibi Nyamizi. Mtu aliyewazoea watoto wa mji mzima wakimpigia kelele "Shikamoo bibi!" mpaka ng'ambo ya barabara, sasa anapita na barabara inanyamaza. Aliumia, lakini hakusema. Alidhani litapita.

Halikupita. Asubuhi moja alikutana na binti wa jirani yake, Kabula, anakwenda shule na kikombe chake cha uji. Akamwambia alivyozoea kuwaambia watoto tangu ujana wake, "Tutaonana, mwanangu." Jioni Kabula akapata homa. Ilikuwa malaria, zahanati walipima wakaiona na wakampa dawa. Lakini mama yake alikuwa ameiona sinema.

Vijana wa mtaa, si wale watatu, walikuja mchana kweupe. Walimtoa bibi nje, wakabomoa nyumba ya matofali ya tope aliyoijenga kwa mikono yake, wakaikanyagakanyaga bustani ya mchicha. Mmoja alikuwa akizunguka uani akichechemea kwa mguu wa kushoto, mkono kiunoni, akiwachekesha wenzake. "Tutaonana, mwanangu! Tutaonana!" Bibi alimtazama akaelewa kitu kilichomkata maini. Kijana yule hakuwa akimwigiza yeye. Alikuwa akimwigiza Sikudhani.

Polisi waliwachukua wabomoaji, na hayo ni ya sheria. Kabula alipona na sasa anacheza rede na wenzake. Lakini nyumba ya bibi iko chini.

Ndipo Bibi Nyamizi alipokwenda ofisi ya mtaa na mkeka wake, na sufuria lake moja lililosalia, akamwambia mwenyekiti, Mzee Bundala, awaite wale watatu. Wakaja. Watu nao wakaja, wakajaa mpaka madirishani.

"Sikuja kudai fedha," alisema bibi. "Nyumba nitaijenga tena, niliijenga ya kwanza. Lakini nikiijenga leo wataibomoa kesho, kwa sababu mimi ni mchawi. Mmeniita nyinyi mchawi, na mkawaambia wote. Basi mnaoweza kuliondoa hilo ni nyinyi, si polisi. Namtaka mmoja wenu anichukue kwake. Nilale chini ya paa lake, nipike, ale chakula changu mlango ukiwa wazi, watu waone. Siwezi kulala nyumba tatu kwa pamoja. Mwenye kosa kubwa ndiye nitakayekwenda kwake. Semeni ni nani."

Zamani, jukwaani, kila mmoja alikuwa wa kwanza. Sikilizeni sasa.

"Bibi, mimi sikubuni kitu," alisema Masalu. "Wachawi wanasemwa sokoni, wanasemwa msibani, mama yangu mzazi anawasema. Nimeandika jamii ilivyo. Sinema ni kioo tu."

"Kioo?" alisema bibi. "Mimi nina kioo, Masalu. Nimejitazama humo miaka yote, na hakijawahi kuniambia nimeua mtoto."

"Mimi nilitumwa, bibi," alisema Sikudhani. "Mwigizaji anapewa karatasi, anafanya. Wangenipa malaika ningefanya malaika. Hata mimi wananizomea njiani."

"Wanakuzomea, kisha wanakuomba upige nao picha," alisema bibi. "Mimi nani ameniomba picha?"

"Mimi natoa kinachotakiwa," alisema Ndaki. "Nikitoa sinema ya bibi anayepika uji, nani ataingia kibandani? Ni watu wanaotaka macho mekundu. Ningewanyima wangeyafuata kwingine."

"Unajua macho haya yalipata wapi wekundu?" bibi aliuliza, na safari hii sauti yake ilipanda mpaka waliokuwa madirishani wakarudi nyuma. "Unajua ni moshi wa nini? Ulikuwa unakula bakuli mbili, Ndaki. Mbili! Nilikuficha mwalimu asikuone."



Mzee Bundala akasafisha koo. "Basi tuyaache ya kosa. Nani atampokea kwa hiari yake?"

"Si kwamba naamini mambo hayo," alisema Masalu, "lakini mke wangu ni mjamzito."

"Si kwamba naamini," alisema Sikudhani, "lakini kwangu kuna mtoto mchanga, na mama mkwe hatakubali."

"Si kwamba naamini," alisema Ndaki, "lakini mimi naishi peke yangu. Likitokea la kutokea, nani atajua?"

Mmewasikia? Waliotunga mchawi kwa kalamu, wakamtia miguu, wakamtia macho, walikuwa wanamwogopa. Walikuwa na hofu ile ile tangu mwanzo, wakaipaka rangi, wakawauzia wenzao, na wenzao walipoirudisha imekomaa, nao wakazidi kuogopa. Mimi nikifika hapa natamani kupiga meza.

Bibi Nyamizi aliwatazama mmoja mmoja. Akanyoosha mkono kumpa Sikudhani, na Sikudhani, aliyekuwa akijua kila mshipa wa mwili ule, akauficha mkono wake nyuma ya kanga. Bibi akaurudisha mkono wake. Akakunja mkeka, akauweka kichwani, akachukua sufuria. Alipofika mlangoni akageuka.

"Tutaonana, wanangu," alisema.

Wote watatu walishtuka. Sasa alikuwa amelisema kama salamu au kama tishio? Yeye mwenyewe hakujua tena, na hilo ndilo lililomtoa machozi nje. Walikuwa wamemwachia mkeka na sufuria, lakini neno lake walikuwa wamekwenda nalo.

Haya. Pale nje njia zinagawanyika tatu. Moja inakwenda kwa Masalu, aliyechukua neno. Moja inakwenda kwa Sikudhani, aliyechukua mguu. Moja inakwenda kwa Ndaki, aliyechukua macho. Ukiondoa neno, ni bibi yeyote anayechechemea. Ukiondoa mguu, ni bibi yeyote mwenye macho mekundu. Ukiondoa macho, hakuna ambaye angeota usiku. Je, wewe ungeamua vipi? Abishe hodi kwa nani?

Naona mnainua mikono. Huyu anasema Masalu, yule anasema Ndaki, kule nyuma mnabishana juu ya Sikudhani. Vizuri, bishaneni. Lakini kabla hamjanijibu hilo, nijibuni dogo. Mlikuwamo kibandani siku ile, benchi lilipokuwa jepesi. Makofi yalikuwa ya nani? Na kati yenu nyote mnaomchagulia bibi mlango, mbona sijamsikia hata mmoja akisema, aje kwangu?

Yuko njiani bado. Akipita kwako atakuamkua kwa lile neno alilokuambia ulipokuwa umeshika bakuli. Utamjibu nini?