Kata ya Mwanarehema

Maji yaliyobaki ndani ya kifuu cha nazi, wewe utayamwaga bila kufikiri. Chungu akitumbukia humo ataogelea na asiione ng'ambo. Wahenga walitaka tujue kwamba kidogo tunachokidharau huweza kuwa uhai wa mwenye shida. Hayo yalionekana wazi katika chuo kikuu kimoja kule Utange.

Chuo hicho kilitegemea kisima kimoja. Msimamizi wa maji alikuwa Bwana Dishon, fundi hodari kutoka bara, asiyetaka kusikia kwamba mfereji umekauka. Wanafunzi walipoongezeka alifunga pampu kubwa, ikavuta maji usiku na mchana. Mwanarehema, mfagiaji wa maktaba na mzaliwa wa Likoni, alimwendea kwa adabu akamweleza kuwa kwao kisima huchotwa alfajiri na jioni tu, kisha hufunikwa kipumzike, maana kisima kisichopumzishwa huita bahari. Dishon alicheka, akamshauri ashike ufagio wake, pampu amwachie yeye.

Haikupita miezi miwili, bahari ikaitika. Chai ikawa na chumvi na sabuni ikakataa kutoa povu. Maji matamu yakawa yanaletwa kwa lori, ya kunywa na kupikia tu. Aliyeumia zaidi ni Lynnette, mwanafunzi wa kilimo kutoka Kitale. Miche yake mia mbili na arobaini ya pilipili hoho ndiyo iliyokuwa mtihani wake wa mwisho. Ingekufa, hangehitimu mwaka huo, na tayari majani yalikuwa yameanza kuungua kingo.

Asubuhi moja, nyuma ya maktaba, alikuta ndoo nne chini ya vibomba vya viyoyozi. Alihitaji ndoo ya kubebea mbolea, basi akaiinamisha moja ayamwage yaliyokuwamo.

"Usimwage, mwanangu," Mwanarehema alimwambia kutoka mlangoni.

"Shikamoo, mama. Nilidhani ni maji machafu ya mashine."

"Marahaba. Hebu yaonje."

Lynnette alichovya kidole, akakilamba. Yalikuwa baridi, wala hayakuwa na chumvi hata chembe. Akauliza yametoka wapi.

"Hewani," Mwanarehema alijibu. "Hewa yetu hii inayokulowesha nguo ndiyo maji yenyewe, mashine inaikamua tu. Miaka mitatu nayapigia deki, wallahi, hakuna aliyewahi kuniuliza."

Lynnette aliduwaa. Tangu aje pwani alikuwa akiilaani hewa ile nzito, kumbe wiki zote alizolilia maji alikuwa akiyavuta puani. Alitazama tone likivimba kwenye kibomba, likang'aa, likaanguka, na jingine likafuata bila haraka. Machozi yalimlengalenga, naye hakuona haya.

Tangu siku hiyo walifanya kazi pamoja. Mwanarehema alileta kutoka nyumbani kata yake ya kifuu ya kuchotea maji, na kila mche ukapewa kata moja asubuhi. Juu ya udongo walitandaza makumbi ya nazi ili jua lisiwanyang'anye maji. Ndoo nne kwa siku zilitosha na kubaki. Wiki ya tatu majani mabichi yalichipuka, na kufikia siku ya ukaguzi wa mtihani wake kitalu kizima kilikuwa kimetoa maua meupe, ilhali bustani nzima ya chuo imekauka kau.

Dishon alikuja na wakaguzi. Aliuliza maji ya kitalu yanatoka kisima gani, na Lynnette akamwonyesha vibomba vya maktaba. Fundi yule alisimama chini ya kibomba kimoja, akakinga kiganja, akangoja mpaka kikajaa. Aliyanywa. Kisha akavua kofia na kumgeukia mfagiaji.

"Bi. Mwanarehema, kisima hupumzishwa saa ngapi?"

Mwanarehema alimweleza upya, taratibu, kana kwamba hakuwahi kuchekwa. Jioni hiyo pampu kubwa ilizimwa. Kisima hakikurudisha utamu wake siku hiyo wala mwezi huo; bahari ikiitwa haiondoki upesi. Lakini Lynnette alihitimu, na siku ya mahafali alipita uwanjani amevaa joho, mkononi ameshika kata nyeusi ya kifuu. Waliojua kisa chake hawakucheka, kwani walikwishaona kwa macho yao kuwa maji ya kifuu ni bahari ya chungu.